Kinjeketile, Juliasi Kaizari au Mashetani: mchezo upi uwape wanafunzi wa sekondari?

Kila mwaka walimu wanaosimamia klabu za sanaa huulizana swali lile lile: safari hii tuwape nini? Wengi huishia kuandika kichekesho chao cha nusu saa. Baba mlevi, mama mvumilivu, binti anapata mimba, mwisho wote wanatubu na kuimba. Sina ugomvi na michezo hiyo. Siku ya mahafali huwachangamsha wazazi kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Lakini ukibahatika kupata kundi lililokomaa, lenye vijana wanaosoma kitabu bila kuambiwa kwamba kitatoka kwenye mtihani, unawadhulumu ukiwaacha wamalize shule bila kushika tamthilia nzito hata moja.

Hapo ndipo majina matatu hutajwa: Kinjeketile, Juliasi Kaizari na Mashetani. Mbili ni za Ebrahim Hussein, moja ni ya Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere. Nitaingiza na ya nne, Nguzo Mama ya Penina Muhando, kwa sababu shule za wasichana huisahau halafu zinalalamika kwamba tamthilia zetu nzito zimejaa wanaume.

Walimu wengi huchagua kwa ukubwa wa jina la mwandishi, wengine kwa unene wa kitabu. Mimi naangalia kwanza ugumu wa mchezo umekaa mgongoni mwa nani. Upo mchezo uliombebesha mtu mmoja karibu kila kitu, upo uliowabebesha watu wawili, na upo uliouweka mzigo juu ya umati ambao mwalimu alidhani ni wa kujazia jukwaa. Ukishalijua hilo, unawatazama vijana ulionao, si wale unaotamani ungekuwa nao.

Nani anabeba

Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, pale watu wa kusini mwa Tanganyika walipoinuka dhidi ya Wajerumani wakiamini kwamba maji aliyoyatoa Kinjeketile wa Ngarambe yangeifanya risasi isiwadhuru. Ukiisoma haraka utadhani ni mchezo wa umati: Wamatumbi, Wakichi, Wazaramo, wanyapara, askari, ngoma, mapigano. Sivyo. Umati huo ni mwepesi kuuongoza kwa sababu kila mmoja anajua anachotaka. Ana njaa, amechoka na shamba la pamba la mzungu, anataka kulipiza kisasi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kucheza hayo bila kuelezwa mara mbili.

Mzigo umebaki kwa Kinjeketile mwenyewe. Anapandwa na Hongo, pepo wa majini, anaingia mtoni, anatoka na ujumbe, na makabila yaliyokuwa hayaaminiani yanaanza kumsikiliza. Halafu anagundua kwamba ndani ya ujumbe ule mna neno linalomsaliti: kwamba Mjerumani akishaondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Yaani watoke kwa bwana huyu waende kwa yule. Tangu hapo anauamini umoja lakini maji hana hakika nayo tena, na hawezi kumwambia mtu. Kijana wa miaka kumi na saba anatakiwa asimame mbele ya watu wanaomshangilia, na moyoni awe na shaka ambayo wao hawaioni ila watazamaji wanaiona.

Mara nyingi nafasi hii hupewa mvulana mwenye sauti nene na kifua kipana, yule anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Anaanza kuunguruma mtoni na anaunguruma mpaka gerezani, na ule mgogoro wa ndani haupo. Mvulana huyo mpe Kitunda, kamanda anayewafundisha watu kupigana na anayetaka hakika kabla ya kuwapeleka mbele ya bunduki. Hapo sauti yake itafanya kazi. Kinjeketile mtafute miongoni mwa wale wanaojua kusikiliza. Kwenye mazoezi tazama kijana anafanya nini wakati mwenzake anasema. Anayesubiri zamu yake ya kusema hafai.

Tukio la mwisho ndilo litakalokuonyesha kama ulichagua vizuri. Vita vimeshindwa, Kinjeketile yuko kifungoni, na anaambiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Akikiri, Mjerumani atawaambia watoto wa kesho kwamba kupigania nchi yao kulikuwa kosa. Ni hoja ngumu kuieleza darasani. Jukwaani inaeleweka kwa sekunde chache, mradi mwigizaji aiseme taratibu akimtazama Kitunda, si akiwahutubia watazamaji.

Jiandae pia kwa mwalimu wa historia. Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Hakuwahi kuona mwisho wake. Hussein alijua hilo, na hakudai kwamba mtu wake ni yule wa historia. Waambie waigizaji mapema ili wasije wakabishana na mtazamaji siku ya onyesho.

Juliasi Kaizari una mgawanyo mwingine kabisa. Kaizari mwenyewe ni nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani: anauawa mchezo ukiwa karibu katikati, baadaye anarudi kama mzuka kwa maneno machache tu. Mwenye maneno mengi kuliko wote ni Brutus, rafiki wa Kaizari anayeingia katika njama ya kumuua. Nyuma yake wapo Cassius, mwanzilishi wa njama, na Antony, mtu wa Kaizari, na wote watatu lazima wawe wazuri, maana ukiwa na Brutus dhaifu na Antony hodari, mchezo unageuka kuwa wa Antony na hakuna anayeelewa kwa nini Brutus alishiriki njama.

Hata hivyo, nikiulizwa mhusika mkuu wa Juliasi Kaizari kwenye jukwaa la shule, nitajibu kwamba ni umati. Katika mazishi ya Kaizari, Brutus anapanda na kuwaeleza Warumi kwa nini alimuua rafiki yake, nao wanamshangilia. Antony anapanda baada yake, na kabla hajamaliza watu wale wale wanakwenda kuchoma nyumba za waliomuua. Antony hawezi kuyafanya hayo peke yake hata awe na kipaji cha namna gani. Kama wanafunzi kumi na tano walioko chini ya jukwaa wanasema ndiyo na hapana kwa pamoja kama wanaitikia salamu ya mwalimu asubuhi, hotuba imekufa. Kila mmoja anahitaji jina, kazi, sababu ya kumpenda Kaizari au kumchukia, na mstari maalumu wa hotuba ambao unambadilisha yeye. Fundi viatu anabadilika akitajiwa wosia, mama mwenye mtoto mgongoni akionyeshwa joho lililotobolewa kwa visu. Ukiwapangia hivyo, watazamaji watawaona watu wakigeuka mmoja baada ya mwingine, na mgongo utawasisimka. Kazi hiyo inakula wiki nyingi za mazoezi, na ndiyo sababu naupenda mchezo huu kwa klabu kubwa isiyo na nyota. Wanafunzi waliozoea kupewa nafasi za askari wa pili na mpita njia wanapata kazi ya kweli.

Mara baada ya hotuba hiyo kuna tukio fupi la Cinna mshairi, anayeuawa na umati kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Wanaofupisha mchezo hulikata. Usilikate. Hapo ndipo wanafunzi wanapoacha kucheka.

Udhaifu wa Juliasi uko sehemu ya pili: kambi, majeshi, wajumbe wanaoingia na kutoka, na vita vya Philippi ambako watu wanajiua mmoja baada ya mwingine. Waigizaji wakubwa hulipambania eneo hilo na wanashindwa. Vijana wako watafanya nini? Baki na kile kikao kifupi ambapo Antony na wenzake wanaandika orodha ya watakaouawa, baki na ugomvi wa Brutus na Cassius hemani, mzuka upite, halafu Brutus afe. Mengine yatoe.

Mashetani, iliyotoka mwaka 1971, humvutia mwalimu kwa sababu za bajeti: wahusika si wengi, hakuna majeshi, hakuna umati. Huo ndio mtego wake. Kitaru na Juma ni wanafunzi wa chuo kikuu na ni marafiki. Familia ya Kitaru imeinuka baada ya uhuru. Ukoo wa Juma ulikuwa na mali Zanzibar ukaipoteza baada ya Mapinduzi ya 1964. Wanaanza kwa kucheza mchezo wao wenyewe chini ya mbuyu, mmoja Shetani, mwingine Binadamu. Mchezo unakwisha lakini Kitaru haumtoki. Anaugua, na wazazi hawaelewi anaugua nini.

Tazama anachodaiwa mwigizaji hapo. Anaigiza kijana anayeigiza mtu mwingine, halafu anaendelea kuwa kijana yule yule huku yule mtu mwingine bado yumo ndani yake. Ni wawili tu, na hakuna pa kujificha. Darasani tunafundisha kwamba Shetani ni ukoloni na Binadamu ni Mwafrika, na kwenye mtihani jibu hilo lina alama zake. Jukwaani halimsaidii mtu. Hakuna anayeweza kuigiza ukoloni mamboleo. Anachoweza kuigiza ni rafiki anayemcheka rafiki yake na akashindwa kunyamaza, au kijana anayeona aibu kwa nyumba nzuri ya baba yake. Ukiwaona vijana wako wawili wanaweza kufika hapo, Mashetani itawashinda michezo mingine yote kwa nguvu. Usipowaona, utakuwa na saa nzima ya watu wawili wakisemezana mambo ambayo bwalo zima halifuatilii, na kidato cha kwanza wataanza kupiga miayo kwa sauti.

Maneno kinywani

Kwa lugha peke yake, Kinjeketile ndiyo nyepesi. Sentensi ni fupi, watu wanasema kama wanavyosema, na mwanafunzi anahifadhi kurasa zake haraka. Mashetani nayo haina msamiati wa kutisha. Ugumu wake uko chini ya maneno, katika yale yasiyosemwa.

Juliasi ndio mlima. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya kwanza mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Alifuata mpangilio wa mistari ya Shakespeare isiyo na vina, kwa Kiswahili kizito kinachogeuza mpangilio wa maneno ili mstari utimie. Kuna ladha ya pekee katika kumsikia kiongozi wa nchi akimpa Brutus hoja za kumuua kiongozi wa nchi, tena akazipa uzito wote. Mwanafunzi aliyezoea lugha ya mtaani atakwama kwenye ukurasa wa kwanza.

Tatizo lenyewe hasa ni mkao wa sauti. Vijana wetu wamefundishwa kughani mashairi, kwa hiyo wakiona mistari wanaanza kughani: sauti inapanda katikati, inashuka mwisho wa kila mstari, hata kama sentensi haijaisha. Baada ya dakika tano hakuna anayesikia maana. Dawa yake ni ya kizamani lakini haijanishinda bado. Waandike maneno yao upya kwenye daftari kama habari ya kawaida, bila kukata mistari, wasome wakitembea, wasimame kwenye nukta tu. Kisha kila mmoja aseme hotuba yake kwa Kiswahili cha kwao, kama anamsimulia mwenzake kituoni. Wakirudi kwenye maneno ya Nyerere baada ya hapo, utayasikia yanasemwa na mtu.

Usilainishe tafsiri kwa kuandika upya maneno magumu. Kwanza si yako, ina wenyewe, na kabla ya onyesho lolote la hadhara unapaswa kuwaandikia wachapishaji kuomba ruhusa, kama ilivyo kwa tamthilia za Hussein na Muhando. Shakespeare hadai kitu, mfasiri anadai. Pili, neno gumu likisemwa na mtu anayelielewa, watazamaji nao hulielewa.

Pepo katika shule ya bweni

Jambo hili vitabu vya mwongozo havilisemi, na kwangu lina uzito kuliko mavazi na taa kwa pamoja. Kinjeketile ana tukio la kupandwa. Mashetani ni mashetani tangu jina. Na sisi tunaishi katika shule ambazo, hasa za bweni za wasichana, visa vya wanafunzi kuanguka, kupiga kelele na kusemekana wamepandwa na mapepo si hadithi. Ikitokea, masomo yanasimama, mashehe na wachungaji wanaitwa, wazazi wanakuja kuchukua watoto. Mwalimu anayetaka kuweka tukio la kupandwa mbele ya wanafunzi mia sita, usiku, kwa ngoma, anatakiwa ajue anachokifanya.

Sisemi mchezo uachwe. Tukio hilo lipangwe kama ngoma, hatua kwa hatua, wala lisiachwe kwa hisia za mwigizaji. Kinjeketile aanguke kwenye pigo fulani la ngoma na si kabla yake, atambae hatua zinazojulikana kuelekea mtoni, mkono unyooke kwenye pigo jingine. Macho yabaki wazi. Mpiga ngoma awe mtu mzima au mwanafunzi mtulivu anayemtazama mwalimu, kwa sababu yeye ndiye mwenye breki. Mazoezi ya tukio hilo yafanyike mchana, mlango wazi, na wanaopita waone jinsi linavyotengenezwa; kitu kilichoonekana kikitengenezwa hakitishi usiku. Likimalizika, mwigizaji aitwe kwa jina lake la darasani na anywe maji kabla ya kuendelea. Na mueleze mkuu wa shule na matroni mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba mchezo unaonyesha imani ya watu wa 1905 na haumwombi mtu aiamini.

Kwa kipimo hicho Kinjeketile ni salama kuliko Mashetani. Kupandwa kwake kuna mwanzo na mwisho, mbele za watu, kwa ngoma. Katika Mashetani lile jambo linaganda ndani ya mtu mmoja na halimtoki, na kicheko cha Shetani, kikichezwa vizuri, kitarudiwa bwenini kwa wiki nzima. Katika shule iliyopata visa hivyo karibuni, nisingeigusa Mashetani mwaka huo.

Bwalo, shuka na kibuyu

Hapa nitapita haraka. Michezo yote hii inaweza kufanyika kwenye bwalo la chakula, meza zikiunganishwa kuwa jukwaa, ilimradi mvua isinyeshe juu ya bati. Ikinyesha, hakuna mchezo wowote utakaosikika.

Kinjeketile inataka mto. Kitambaa kirefu cha buluu kinachoshikwa na wanafunzi wawili, mmoja kila upande, kinatosha. Kinjeketile anapita chini yake na watazamaji hawamwoni tena. Maji yawe ya kweli, kwenye kibuyu. Umati ukinyunyiziwa maji ya kweli, hata watazamaji wa mbele yakiwafikia matone, bwalo zima linaingia ndani ya mchezo. Bunduki ziwe za mbao, na mlio uwe wa ngoma. Baruti za sherehe ni hatari, tena polisi watakuja.

Kwa Juliasi, achana na mashuka meupe ya bwenini. Watu hucheka, na wana haki. Rubega ya kaniki au ya shuka la rangi inakaa begani vile vile kama vazi la Warumi na inaonekana ni nguo ya mtu mzima. Mwaka 2012 Gregory Doran aliuweka mchezo huu katika nchi ya Afrika kwa kampuni ya Royal Shakespeare ya Uingereza, na wengi waliusifu. Sisi tunaogopa nini?

Mashetani inataka mbuyu na viti. Mbuyu usichorwe kwenye boksi; tumia nguzo ya bwalo.

Wasichana, na mchezo wa nne

Kwa hesabu ya nafasi za wanawake, tamthilia tatu za mwanzo zote zina kasoro. Kinjeketile inafunguliwa na wanawake, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, na yupo Chausiku, binti wa Kitunda. Baada ya hapo wanaume wanatawala. Juliasi una Portia, mke wa Brutus, na Calpurnia, mke wa Kaizari, tu, na wote wawili wanapotea mapema, ingawa tukio la Portia akimdai mumewe siri yake ni miongoni mwa yaliyo bora katika mchezo. Mashetani ni ya wavulana wawili.

Unaweza kuwapa wasichana nafasi za wanaume, na Cassius msichana huwa mkali kuliko wavulana wengi. Umati wa Roma hauna sharti la jinsia hata kidogo. Lakini kama shule ni ya wasichana watupu, au klabu yako ina wasichana wengi kama zilivyo klabu nyingi, soma Nguzo Mama kabla hujaamua. Ilichapishwa mwaka 1982. Katika kijiji cha Patata, wanawake wanaoitwa Bi Kwanza, Bi Pili mpaka Bi Nane wanajaribu kuisimamisha kwa kamba Nguzo Mama iliyolala chini, na kila mara wanapokusanyika, shida ya mmoja wao inaingia kati: mume, urithi, pombe, umaskini. Bi Msimulizi anaunganisha yote kwa masimulizi, nyimbo na ngoma. Nguzo haisimami.

Ugumu wake umegawanywa karibu sawasawa kwa watu tisa, na hiyo ni nadra mno katika tamthilia zetu. Mmoja akiugua malaria wiki ya onyesho, mchezo hauporomoki. Hatari yake ni kinyume cha ile ya Kinjeketile: wasichana watacheka na kuwachekesha watazamaji mpaka mwisho usiume. Wafundishe wavute kamba ile kama kitu kizito kweli. Funga kamba kwenye gogo halisi siku chache za mwanzo, mikono iwake, halafu utoe gogo. Miili itakuwa imekumbuka.

Wasomaji wa Kenya watauliza kuhusu Kigogo ya Pauline Kea. Ina Tunu, nafasi nzuri kwa msichana hodari, na watazamaji wanaipenda. Lakini ilikuwa kitabu cha kutahiniwa kwa miaka kadhaa, na kwa vijana wengi bado inanuka maswali ya dondoo. Tena haiko katika daraja la ugumu tunalolizungumzia. Kwa klabu changa, ichukue bila wasiwasi.

Ofisi ya mkuu wa shule

Mchezo mgumu unaweza pia kukusumbua nje ya jukwaa. Kenya imeonyesha hilo waziwazi. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kucheza Shackles of Doom mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru waruhusiwe. Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilifika Nakuru, kwenye tamasha la taifa la maigizo, na Echoes of War, mahakama ikiwa tena imeamuru wacheze, na siku hiyo kukawa na polisi na mabomu ya machozi; wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuucheza.

Hizo zilikuwa kazi mpya, zilizoandikwa kuhusu nchi ya leo. Tamthilia ya zamani iliyomo kwenye maktaba ya shule inakupa kinga fulani. Mkuu wa shule atapata taabu kukataza mchezo aliousoma mwenyewe kidato cha nne, au uliofasiriwa na Baba wa Taifa. Lakini kinga hiyo inakwisha pale unapomvisha Kaizari suti na kofia inayofanana na ya mtu fulani. Maneno hayajabadilika hata moja, ila onyesho limebadilika lote. Kama unataka kufanya hivyo, fanya ukijua, na wazazi wa waigizaji wajue. Nguzo Mama nayo ina lake: kina baba katika kamati ya shule wanaweza kuona wanasemwa, na ni kweli wanasemwa.

Sasa uchague

Kwa klabu mchanganyiko ya shule ya kawaida, yenye watu ishirini hivi, mwalimu mmoja na muhula mmoja, ningechukua Kinjeketile, kwa sharti kwamba yupo kijana mmoja anayejua kusikiliza. Hayupo? Basi Juliasi uliokatwa, na nguvu yako uielekeze kwenye umati. Wasichana watupu, Nguzo Mama. Mashetani nawaachia kidato cha tano, waigizaji wawili walioshawahi kusimama jukwaani pamoja, mbele ya watazamaji hamsini kwenye chumba cha darasa badala ya bwalo zima.

Kidato cha nne usiwaguse. Mwalimu wa taaluma atawatoa kwenye mazoezi mtihani wa taifa ukikaribia, na utabaki na Roma isiyo na Brutus. Kidato cha tatu na cha tano ndio wenye nafasi, na wa cha pili wawe kwenye umati mpaka mtihani wao utakapokaribia.

Kabla ya kutangaza chochote, fanya jaribio la jioni nne, baada ya michezo na kabla ya prepu. Jioni ya kwanza wasome tukio la gerezani la Kinjeketile, ya pili ugomvi wa Brutus na Cassius hemani, ya tatu ule mwanzo wa chini ya mbuyu, ya nne wanawake wa Patata na kamba yao. Wabadilishane nafasi, usisahihishe matamshi, usitaje nani amefanya vizuri. Wewe kaa nyuma na kalamu, uandike mambo mawili tu: ni nani waliosikiliza, na jioni ipi walikataa kuondoka kengele ilipogongwa. Ijumaa bandika orodha ya majina kwenye ubao wa matangazo, na anza mazoezi Jumatatu na wale wa umati.